"Run" si kukimbia tu

Wadogo zangu mnaojiandaa kuongoza wageni hapa Moshi, neno "run" msilikariri kama "kukimbia" mkaridhika. Kamusi kubwa ya Oxford inalipa maana zaidi ya 600, kama kitenzi peke yake.

Niliwahi kuwa Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, mgeni akaniambia asubuhi, "I've got the runs." Nikamsifu, nikidhani ana hamu ya kutembea. Kumbe aliharisha usiku kucha, na mlimani mwili unaishiwa maji upesi. Nilichelewa kumpa chumvichumvi za kunywa, na hadi leo linaniuma.

Basi tazameni neno linaambatana na nini. Pua ikiwa "running", makamasi yanachuruzika. Mto unatiririka, na hapo "flow" inakaa vilevile. Mwenye ku-"run" hoteli anaiendesha, yaani "manage". Mmarekani aki-"run" kwenye uchaguzi anagombea. Mwingereza mara nyingi husema "stand".

Kwenye vineno vinavyofuata ndiko kwenye kazi hasa. "We've run out of water" ni maji yamekwisha kabisa. "We're running low" ni yanaelekea kwisha, bado mna nafasi ya kuchota mtoni kabla ya kupanda juu zaidi. Na "I ran into your brother" hajamgonga kaka yako, amekutana naye tu bila kutarajia.

Kwenye daftari andikeni sentensi nzima mliyoisikia kwa mgeni, na pembeni mweke Kiswahili chake.