Namna ya Kulinganisha Shule za Upili za Kutwa Nakuru

Katika uteuzi wa shule wa mwaka 2025, ambao ulikuwa wa kwanza wa sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12), mwanafunzi wa Gredi ya 9 aliorodhesha shule 12, na tatu kati ya hizo zilikuwa za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi. Wazazi wengi ninaowafahamu hapa Nakuru walizihangaikia zile tisa za bweni kwa wiki nzima, kisha zile za kutwa wakazijaza kwa dakika tano kwenye simu. Maelezo haya yanahusu hizo tatu. Ikiwa unasitasita kati ya, tuseme, Nakuru Day, Flamingo na Langalanga, chukua daftari, ipe kila shule ukurasa wake, kisha uandike majibu ya maswali yale yale kwa kila moja.

Anza na masomo kabla hata hujatazama matokeo. Sekondari pevu ina mikondo mitatu, yaani STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo, na katika mkondo wake mwanafunzi huchagua masomo matatu juu ya yale ya lazima. Si kila shule iliyo na mikondo yote mitatu, na hata iliyo nayo haifundishi kila mseto wa masomo. Kwa hiyo usiulize kama wana STEM, kwa sababu utajibiwa kwamba wanayo. Uliza kama mwanafunzi anaweza kusoma Biolojia, Kemia na Kilimo pamoja bila vipindi kugongana, uonyeshwe ratiba, kisha uulize ni nani anayefundisha kila somo. Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, kwa kawaida hukaa. Yule wa BOM, yaani bodi ya usimamizi ya shule, hulipwa na shule yenyewe, mara nyingi pesa kidogo, na akipata kazi bora mwezi wa Juni huondoka, darasa likabaki likisoma lenyewe. Hesabu walimu wa BOM somo kwa somo. Shule yenye wawili katika masomo yenye walimu wengine haina shida, lakini shule ambayo mwalimu wake pekee wa Fizikia ni wa BOM inajenga juu ya mchanga.

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza kidato cha nne, bado yanafaa kuangaliwa, ingawa ni ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 ambao watahiniwa wake wa mwisho watafanya mtihani mwaka 2027. Ziache orodha za "shule bora" zinazozunguka kwenye WhatsApp. Wizara ya Elimu ilitangaza mwaka 2014 kwamba inaacha kupanga shule kwa nafasi, na nyingi ya orodha hizo hukusanywa na watu binafsi. Mwombe mwalimu mkuu jedwali la gredi zote, kuanzia A hadi E, la miaka mitatu mfululizo, pamoja na idadi ya watahiniwa. Ukishalipata, hesabu waliopata C+ na zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo gredi ya chini ya kujiunga na chuo kikuu kwa shahada, kisha uulize wanafunzi hao waliingia kidato cha kwanza na alama ngapi za KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi. Tuseme shule moja ina wastani wa KCSE wa 6.0 kati ya 12, nayo ilipokea watoto wa alama 320 kati ya 500, na nyingine ina wastani wa 5.6 kwa watoto walioingia na 250. Kwenye orodha, ya kwanza iko juu. Mimi ningempeleka mwanangu ya pili, kwa sababu huko ndiko walimu walikofanya kazi kubwa zaidi.

Kisha nenda shuleni siku ya kawaida ya masomo, si siku ya wazazi. Shule moja niliyoitembelea ilituonyesha maabara inayong'aa, lakini viti vyake vilikuwa bado vimevikwa karatasi za plastiki za dukani, na mwanafunzi aliyetuongoza akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba tangu mwaka uanze walikuwa wameingia humo mara mbili. Katika maktaba, fungua kitabu chochote uangalie karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada: mhuri wa mwisho ni wa lini?

Kuhusu gharama, mgao uliowekwa na serikali kwa shule ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mzazi wa kutwa hubakiwa na sare, chakula cha mchana na michango ambayo chama cha wazazi hukubaliana. Uliza kuhusu kila mchango kwa jina lake, na udai risiti. Gharama inayosahaulika ni nauli. Mtoto anayetoka Kiamunyi au Free Area kuvuka mji akitumia shilingi 100 kwa siku, kwa siku za masomo zipatazo 180, atamaliza shilingi 18,000 kwa mwaka, na mvua ikinyesha matatu hupandisha.

Baada ya kubaki na shule mbili, funga safari ya kila moja pamoja na mtoto Jumatatu alfajiri, kuanzia mlangoni kwenu hadi getini. Andika saa mliyotoka, saa mliyofika, na mahali ambapo alilazimika kutembea gizani.