Kuongeza unyeti wa filamu ya CdS kwa mipigo ya leza

Mwongozo huu ni wa filamu ya kadimiamu salfaidi, CdS, iliyotandazwa juu ya kioo, pamoja na leza ya Nd:YAG (leza ya fuwele) ya mipigo ya nanosekunde. Tunachotaka kiongezeke ni unyeti kwa mwanga, yaani uwiano wa mkondo wa umeme wa mwangani kwa mkondo wa gizani.

1. Tumia mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 355, usitumie 532. Pengo la nishati la CdS, yaani nishati ya chini ambayo fotoni (chembe ya mwanga) inahitaji ili ifyonzwe vizuri, ni elektroni-volti (eV) 2.42, ilhali fotoni ya 532 ina eV 2.33 tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mpigo hupenya hadi kwenye kioo. Vaa miwani ya leza ya 355. Kadimiamu ni sumu: usivute mvuke wake, uondoe kwa feni ya kufyonza.

2. Weka elektrodi za indiamu, uzikinge na leza. Indiamu huyeyuka kwenye 157 °C.

3. Acha sampuli gizani usiku kucha, kisha pima mkondo.

4. Tafuta nishati ya mpigo kwa kila eneo la doa la leza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usikadirie ukubwa wa doa kwa alama iliyoungua kwenye karatasi. Alama hiyo hukua kadiri nishati inavyoongezeka. Njia ninayoiamini ni ya mtafiti J. M. Liu, ya mwaka 1982: piga mpigo mmojammoja, kila mara mahali papya, kwa nishati tofauti. Pima kipenyo D cha kila shimo kwa hadubini, kisha chora D² dhidi ya logi asilia ya nishati. Mwinamo wa mstari ni 2w², ambapo w ni nusu-kipenyo cha mwali (pale ukali unaposhuka hadi 1/e² ya ule wa katikati), na unapokata D² = 0 ndipo kizingiti cha kuunguza. Nishati ya kilele kwa eneo, katikati ya doa, ni 2E/πw², E ikiwa nishati ya mpigo. Ukiisahau ile 2, umekosea nusu nzima: milijuli 1 kwenye w ya milimita 1 ni mJ 64 kwa sentimita mraba, si 32. Punguza nishati kwa bamba la nusu-wimbi (huzungusha mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga) na polaraiza (hupitisha mwelekeo mmoja tu). Ukipunguza volti za taa inayoipa leza nishati, umbo la mwali na urefu wa mpigo hubadilika pia, na vipimo vyote vya awali havifai tena. Kumbuka pia kwamba mipigo mingi mahali pamoja hushusha kizingiti.

5. Anza kwenye robo ya kizingiti, mipigo michache, ukipanda taratibu. Joto la ghafla hupunguza kasoro kwenye mipaka ya chembe za fuwele za filamu.

6. Rudia hatua ya 3 kila mara, usiku mzima, kwa sababu mpigo wenyewe huacha mitego (kasoro zinazonasa chaji) imejaa chaji. Mkondo wa gizani ukibaki juu hata baada ya hapo, salfa imeanza kutoroka kwenye filamu: nafasi zake tupu hutoa elektroni, na unyeti hushuka. Rudi kwenye nishati ya chini, kwenye kipande kipya.