Jina Likikosekana Kwenye Orodha ya TASAF: Namna ya Kukata Rufaa Tanga

Mkazi wa Ngamiani, Makorora au Pongwe ambaye kaya yake imeachwa, au imeondolewa, katika mpango wa kunusuru kaya masikini unaosimamiwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), aanze kwenye ofisi ya mtendaji wa mtaa au kijiji chake, kwa kuwa majina huibuliwa kwanza katika mkutano wa hadhara wa wananchi na ndiko kumbukumbu zinakoanzia.

Andika barua fupi. Taja jina la mkuu wa kaya, idadi ya wanakaya, namba ya kaya kama ulikwisha kuandikishwa, na jambo moja unalolilalamikia. Barua yenye manung'uniko ya miaka mitatu humchosha msomaji. Toa nakala, na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, maana bila muhuri huo ni vigumu kuthibitisha kwamba ulifika.

Kabla ya kulalamika kuwa malipo, ambayo hutolewa kwa vipindi vya miezi miwili, yamekatwa, linganisha majina herufi kwa herufi. Bibi aliyeandikwa Mwanahamisi kwenye orodha na Mwanakhamis kwenye kitambulisho cha taifa anahitaji marekebisho ya taarifa, si rufaa.

Usipojibiwa, peleka nakala yenye muhuri kwa mratibu wa TASAF katika Halmashauri ya Jiji la Tanga, ukieleza tarehe uliyoiwasilisha mtaani.