SOMO: Kuhamisha kanda ya Queen ya Budokan 1975 kwenda kwenye kompyuta bila kuiua

Wakuu, nimechoka. Kila mara mtu ananifuata pembeni na swali lile lile: "Nina kaseti ya Queen wakiwa Japani, nimeiingiza kwenye laptop, mbona mwimbaji wao Freddie Mercury anaimba kama mtoto?" Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena namwekea uzi huu, nakwenda kulala.

Kwa wageni: Queen, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga kwenye ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 19 Aprili 1975, wakazunguka Nagoya, Kobe, Fukuoka na miji mingine, wakafunga kazi Budokan hapo hapo tarehe 1 Mei. Kanda ninazozungumzia hazikutoka kwenye mitambo ya ukumbi. Zilirekodiwa na watazamaji, mtu kakaa kwenye kiti chake na rekoda mapajani. Sony walikuwa wanauza rekoda za kaseti za kubeba begani zilizoitwa Densuke, na wenyeji walizitumia kweli kweli. Thamani yake? Kuna wimbo unaitwa Hangman ambao Queen waliupiga jukwaani miaka ile lakini hawakuuweka kwenye albamu yoyote ya studio. Bila hawa watu wa rekoda mapajani tusingeujua. (Na ndiyo, Freddie kazaliwa Unguja, 1946. Mjadala wa alikozaliwa tusiufufue hapa.)

Twende.

1. Uliza historia ya kanda. Ni nakala ya ngapi? Nakala ya nakala ya nakala inaongeza shshsh na inaharibu mwendo kila inapopita deki mpya. Andika unachoambiwa, hata kama ni "sijui".

2. Vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili usije ukarekodi juu yake.

3. Safisha hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma utepe) na ile roli ya mpira. Pamba na spiriti safi. Siyo mate.

4. Peleka kanda mbele hadi mwisho, irudishe hadi mwanzo, ndipo ucheze.

5. Tumia deki ya kweli, na waya utoke tundu la "line out" kuingia kifaa cha kurekodia chenye "line in". Tundu la maiki la laptop halifai. Narudia, halifai.

6. Pembe ya hedi. Deki nyingi zina skrubu ndogo yenye springi pembeni ya hedi. Weka alama ilipokuwa, kisha sikiliza kwa mono na uizungushe kidogo kidogo hadi matoazi yang'ae. Ukipita kipimo, trebo inazama na unasikia kama mtu kafunika spika kwa blanketi. Ukimaliza irudishe kwenye alama, la sivyo kanda zako nyingine zote zitalia vibaya.

7. Dolby (kile kitufe cha kupunguza shshsh) zima. Kama una uhakika kanda ilirekodiwa na Dolby B, washa. Kama huna uhakika, zima na uandike kwamba umezima.

8. Rekodi kwa biti 24, kilele kisipite dB -6. Kelele za mashabiki mwanzoni ndizo zinazopasua, kwa hiyo pima kwa kelele, usipime kwa gita.

9. MWENDO. Kaa chini usome.

Rekoda ya mtazamaji iliendeshwa na betri, na haikuwa na mwendo sawa na deki yako. Karibu kila kanda inakimbia au inaburuza. Njia ya kujua ni mvumo wa umeme. Mpiga gita wao, Brian May, alikuwa anapiga kupitia amplifaya za Vox AC30 zilizopangwa nyuma yake, na kati ya wimbo na wimbo, mashabiki wakitulia, mvumo wake unasikika. Umeme wa Tokyo ni Hz 50. Chukua sekunde chache za utulivu, fungua kipimo cha masafa kwenye programu ya Audacity, tafuta vilele. Usiangalie 50 yenyewe, ni ngumu kuipima. Angalia mara nne yake, yaani 200. Ukikuta kilele kiko 206, kanda inakimbia kwa 3%. 200 gawanya kwa 206 unapata 0.9709, kwa hiyo punguza mwendo kwa 2.91%. Badilisha mwendo na sauti kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja tu, programu inatengeneza sauti ya bandia na ngoma za Roger Taylor zinakuwa kama makopo.

Sasa mtego, na hapa ndipo nilipowahi kuvuruga kanda nzima, faili zake bado zinazunguka huko. Umeme wa kwetu nao ni Hz 50! Waya wako ukivuta mvumo kutoka ukutani, utaona kilele kizuri kwenye 200 kamili, utashangilia kwamba kanda haina tatizo, kumbe umepima TANESCO badala ya Budokan. Kwa hiyo:

– Kabla ya kanda, rekodi nusu dakika deki ikiwa imewashwa bila kaseti ndani. Mvumo wowote hapo ni wa kwako. Chomoa chaja ya laptop, tumia betri, jaribu tena.
– Ukiona vilele viwili jirani, kimoja 200 kamili na kingine 206, cha 200 ni cha nyumbani kwako.
– Thibitisha kwa piano ya Freddie. Gita linaweza kulegea katikati ya onyesho, piano hailegei. Chukua noti moja ndefu uipime. A inatakiwa iwe 440 au juu kidogo. Tofauti ya 440 na 442 ni kama nusu asilimia, isikunyime usingizi. Ikija 453, bado hujamaliza.
– Pima mwanzo, katikati na mwisho wa kila upande. Usipime sehemu moja ukadhani umemaliza.

10. Unga upande A na B. Pale kanda ilipogeuzwa pana wimbo uliokatika. Uache ukatike, usipachike kipande cha usiku mwingine.

11. Usichuje shshsh. Atakayetaka kuchuja atachuja nakala yake.

12. Hifadhi kama FLAC (faili lisilopunguza ubora wa sauti), weka faili la maandishi lenye historia yote: kanda, deki, waya, programu, kiasi ulichorekebisha. Weka na md5, ile namba ya kuhakiki kwamba faili halijabadilika.

13. Usiuze.

MASWALI

kaseti_tisini: Mkuu shukrani sana. Naomba unirushie hiyo Budokan WhatsApp, hata MP3 poa tu.

Mwandishi: Somo ni la kuhamisha kanda, siyo la kuomba kanda. Na MP3 ya WhatsApp ni tusi kwa aliyebeba rekoda ile.

fundi_wa_pwani: Nimefuata hatua zote lakini sauti inatoka upande mmoja tu.

Mwandishi: Hatua ya 5.

fundi_wa_pwani: Nimeisoma ile. Laptop yangu ina tundu moja tu.

Mwandishi: Basi hujafuata hatua zote. Tundu hilo ni la maiki, mara nyingi ni mono. Tafuta kifaa cha nje cha USB chenye line in za kushoto na kulia, hata cha bei ndogo.

mwana_tanga: Swali la mtu anayejifunza. Kanda yangu mwanzo iko sawa, lakini mwisho wa upande B piano imepanda karibu nusu noti. Deki yangu mbovu?

Mwandishi: Swali zuri, asante kwa kupima kabla ya kuuliza. Jaribu kaseti nyingine kwenye deki hiyo. Ikiwa nzima, mkosaji ni betri za yule mtazamaji. Betri zikichoka, rekoda inazunguka polepole, kwa hiyo inaandika onyesho kwenye utepe mfupi kuliko kawaida. Deki yako inacheza kwa mwendo kamili, wimbo unatoka mbio na juu. Nusu noti ni karibu 6%, si haba. Usirekebishe upande wote kwa namba moja. Pima kila wimbo, kisha tumia njia ya mwendo unaobadilika taratibu kutoka pointi hadi pointi. Inachosha, lakini inafanya kazi.

mwana_tanga: Nimeelewa. Kwa hiyo mtu akisikia kanda inapanda mwishoni, anajua betri zilikuwa zinakata roho?

Mwandishi: Ni dalili nzuri. Angalia pia baada ya kanda kugeuzwa: ikishuka ghafla na kuwa sawa, huenda jamaa alibadilisha betri.

nairobi_vinyl: Yangu imeandikwa Budokan 1 Mei ila mvumo ni 60. Nimetoka kupima mara kadhaa, ni 60, si 50. Nimeuziwa uongo?

Mwandishi: Hapa ndipo raha ilipo. Japani ina umeme wa aina mbili: mashariki, Tokyo na Yokohama, ni Hz 50, magharibi, Nagoya, Kobe, Fukuoka, ni Hz 60. Kutoka 50 hadi 60 ni zaidi ya noti nzima na nusu, hakuna rekoda inayokosea kiasi hicho bila sikio kujua. Lakini usimshike mtu shati bado. Nakala nyingi zilipita Marekani, na umeme wa kule ni 60. Deki ya mtu wa katikati inaweza kuwa ndiyo iliyoacha mvumo huo. Sikiliza sekunde za mwanzo kabisa, kabla maiki ya mtazamaji haijafunguliwa. Mvumo ukiwepo hata pale pakavu, ni wa deki ya kunakilia, na ule wa ukumbi utafute chini yake. Ukianza pamoja na sauti za ukumbi, kuna uwezekano mkubwa una usiku wa Nagoya au Kobe au Fukuoka, na jalada ndilo lililodanganya.

nairobi_vinyl: Pale pakavu hakuna kitu! Mvumo unaingia pamoja na watu.

Mwandishi: Hongera, pengine una kitu kizuri kuliko ulichonunua. Linganisha mpangilio wa nyimbo na maneno ya Freddie kati ya nyimbo na kanda nyingine za ziara ile kabla hujaandika jina jipya juu yake.

mzee_wa_santuri: Kijana, huu si wizi? Wasanii wanapata nini?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Ndiyo maana hatua ya 13 ina neno moja tu. Kile kilichotolewa rasmi tunanunua. Na Queen wenyewe mwaka 2004 walianza kuuza kupitia tovuti yao baadhi ya rekodi hizi za mashabiki, kwa hiyo hata wao wanajua zina maana.

mzee_wa_santuri: Marahaba. Nimeridhika kiasi.

bi_mkunazini: Samahani kwa kutoka nje ya mada. Nina kaseti za taarabu za marehemu bibi, zimerekodiwa harusini. Njia hii inafaa?

Mwandishi: Inafaa dada yangu, na hujatoka nje ya mada, mtu mwenye rekoda harusini na mtu mwenye rekoda Budokan ni kazi moja. Ukumbi ukiwa na umeme mvumo ni 50, ila mtego wa nyumbani ni ule ule. Kama kuna kinanda cha umeme kwenye kundi, kipime hicho, usipime fidla.

bi_mkunazini: Zina unga mweupe pembeni ya utepe.

Mwandishi: Simama hapo hapo, usizicheze! Huo ni ukungu, ukicheza moja utausambaza kwenye deki na kaseti zote. Zitenge kwenye mfuko, ziweke sehemu kavu yenye hewa, siyo juani. Kasha likiwa na skrubu tano, lifungue, hamisha utepe kwenye kasha jipya, kisha upitishe polepole kwenye kitambaa laini kikavu huku ukizungusha kwa kalamu, nje, ukiwa umefunika pua. Kasha likiwa la gundi, nitumie picha kabla hujalivunja.

kaseti_tisini: Mkuu basi hata FLAC?