Pima BMI yako nyumbani, kisha pima na kiuno

Watu wengi wanaofika kliniki yetu ukiwauliza uzito wanajibu papo hapo. Ukiwauliza urefu, kimya. Na BMI, yaani kipimo cha kulinganisha uzito wako na urefu wako, haipatikani bila urefu: ni kilo zako zigawanywe kwa urefu wa mita, na jibu ligawanywe tena kwa urefu uleule. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Kwanza hakikisha kipimo hiki kinakuhusu. Mjamzito hahusiki. Watoto na vijana wa chini ya miaka 20 wana chati zao, kwa umri na jinsia. Mwenye miguu iliyovimba au tumbo lililojaa maji aende hospitali kwanza, maana mizani itapima maji.

Hatua ya 1: Uzito. Weka mizani kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia. Panda asubuhi kabla ya chai, ukiwa umeshakwenda haja na umevaa nguo nyepesi. Ukiitilia shaka mizani, ipandishe mfuko wa unga wa kilo 25 ambao haujafunguliwa.

Hatua ya 2: Urefu. Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na kosa la urefu huingia kwenye hesabu mara mbili. Vua viatu, fungua kilemba. Kama umesuka nywele zikasimama juu, zibonyezwe mpaka kwenye fuvu. Simama visigino, makalio na mabega yakigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Mwenzako alaze kitabu kigumu kichwani, ukingo wake ukibana ukuta, apige alama ya penseli. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama.

Chukua mama wa kilo 78 na urefu wa mita 1.62. Hesabu yake: 78 ÷ 1.62 ÷ 1.62 = 29.7. Akipimwa na viatu na kilemba akasomeka 1.67, anapata 28.0. Mtu ni yuleyule.

Hatua ya 3: Soma namba. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Kwa wenye asili ya Asia, hatari ya kisukari huja mapema, ndiyo maana mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilishauri tahadhari ianze kwenye 23.

Ukipata chini ya 18.5 na umepungua bila kukusudia, usisubiri. Kama una kikohozi cha wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu.

Hatua ya 4: Kiuno. Usiiruke. Hesabu ya BMI ilitokana na Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa miaka ya 1830 aliyekuwa akitafuta vipimo vya mtu wa wastani, si ugonjwa. Haitofautishi misuli ya mpagazi na mafuta ya tumboni. Niliwahi kumpima dereva wa lori, kilo 73, mita 1.74, BMI 24.1. Akafurahi, akainuka aondoke. Nikamwambia, "Subiri kidogo, baba." Kiuno kilikuwa sentimita 99, na tulipopima sukari ikawa juu sana. Kwa BMI peke yake tungemruhusu aende na kisukari chake.

Tumia futi ya fundi cherehani. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Pima katikati yake, juu ya ngozi, ukimaliza kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani. Hatari huanza kuongezeka kwenye sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kuanzia 102 na 88. Kanuni nyepesi: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Huku kwetu kitambi husifiwa kuwa ni dalili ya mambo mazuri, nami huumia kila ninapoisikia sifa hiyo.

Hatua ya 5: Peleka namba zako kituoni upimwe presha na sukari. Ukiambiwa upunguze uzito, anza na asilimia 5. Kwa yule mama ni kilo 4 hivi. Akifikisha 74, BMI yake itakuwa 28.2, bado kwenye "uzito uliozidi", na wengi hukata tamaa hapo. Nakuomba usikate: kilo hizo 4 zinaweza kushusha presha na sukari hata kama kundi lako kwenye chati halijabadilika.