Mashine ya kwanza ya kujaza risasi: anza na ya hatua moja
Marekani, ambako walenga shabaha wengi hujaza upya maganda ya risasi walizokwisha kupiga, mwanafunzi aanze na mashine ya hatua moja, mfano RCBS Rock Chucker. Hushika dai moja tu (kifaa cha chuma kinachounda ganda, Kiingereza die), kwa hiyo kila ganda unalikagua. Zile zinazojizungusha, zinazoshughulikia maganda kadhaa kwa kila mvuto wa wenzo, hutoa mamia kwa saa, lakini ganda la 9 mm laweza kumeza baruti mara mbili bila kufurika, na bastola ikakupasukia mkononi.

Tafuta fremu ya chuma iliyozibwa pande zote, yenye uzi wa skrubu wa 7/8-14 (kipenyo inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi) unaopokea dai za kampuni nyingi. Ifunge kwa bolti kwenye meza nzito; meza ikicheza, fataki (kiwashio cha baruti kwenye kitako cha ganda) huingia kombo. Na mafuta ya maganda, tafadhali: ganda kavu la .308, risasi ya bunduki, hunasa ndani ya dai, ukilazimisha wenzo ukingo wa kitako cha ganda unanyofoka.