Mambo ya kuzingatia kabla ya kuandika "join up"

Kabla hujaandika "join up" katika barua yoyote ya Kiingereza, jiulize kwanza kama "join" peke yake haitoshi. Mara nyingi inatosha. Mtu hujiunga na chama, kozi au kampuni kwa "join" tupu, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza: kwa kuwa sisi husema kujiunga na kitu, mkono huteleza ukaandika "join with the company" au "join in the company", sentensi ambazo Mwingereza atazielewa lakini yeye mwenyewe hatazisema. Futa kihusishi hicho, uendelee.

"Join in" ina kazi yake, nayo ni kushiriki jambo ambalo wengine wameshalianza: watu wanaimba, nawe unaitikia. Haihusu uanachama.

Katika "join up" yenyewe, angalia kinachofuata, kwa sababu hapo ndipo maana hugeuka. Ikiwa unaunganisha vitu, kama nukta kwenye karatasi, "join up the dots" ni sahihi, na kiwakilishi ni lazima kikae katikati: "join them up", kamwe si "join up them". Ukiongeza "with", unasema kwamba umekutana na kundi jingine mkaendelea pamoja. Lakini ukikiacha kitenzi bila yambwa wala "with", huku mhusika akiwa mtu mmoja, Mwingereza husikia jambo moja kabla ya mengine yote: mtu huyo amejiandikisha jeshini.

Hilo nililijua nikiwa nimeketi mbele ya wasaili wawili. Katika maelezo yangu ya kuomba nafasi ya masomo nilikuwa nimeandika "I left school and joined up the same year", nikimaanisha kwamba nilimaliza shule nikajiunga na chuo mwaka uleule. Mmoja wao, mzee mwenye adabu nyingi, aliniuliza: "How long did you serve?" Kwa kuwa nilikuwa nimejitolea katika maktaba ya chuo, nilidhani anaulizia hilo, nikamjibu kwamba ni miaka miwili. Akataka kujua nilikuwa wapi. Nikamwambia, tena kwa fahari, kwamba nilikuwa kwenye rafu za chini, zamu za jioni. Akainamia karatasi yangu, akaweka kidole juu ya "up", akaniuliza taratibu kama nimewahi kuwa askari. Nafasi sikuipata. Sidai kwamba ni kwa ajili ya herufi mbili, ila robo nzima ya usaili ule iliishia kambini, mahali ambapo sijawahi kukanyaga.

Maana hiyo si mzaha wa vijiweni. Ndiyo inayotumika kuwaeleza Waingereza waliojitolea kwenda vitani mwaka 1914, kabla ya sheria ya mwaka 1916 kuwalazimisha wengine. Zingatia pia kwamba jeshi likitajwa, "up" huondoka: bango la mwaka 1914 la Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, lilisema "Join Your Country's Army!", na "join up the army" kwa maana hiyo ni kosa. Mmarekani naye huelekea zaidi kwenye "enlist".

"Joined-up" yenye kistari ni kivumishi, na ni cha Waingereza: mwandiko ulioungana herufi, au mipango ya idara mbalimbali iliyoratibiwa vizuri.

Unapotamka kitenzi "join up", mkazo uangukie "up".

Chunga na ndugu zake. "Sign up" ni kujiandikisha, na haina matata mengi, ingawa nayo huweza kukupeleka jeshini. "Hook up" ni kuunganisha mitambo, lakini katika mazungumzo ya vijana, hasa wa Marekani, ni kulala na mtu. Kwa hiyo usimwandikie mkuu wako wa kazi kwamba ungependa "to hook up" wiki ijayo, hata kama kamusi yako ya mfukoni imekuruhusu.